Kipimo cha Juu

Mimi ni mtu wa maneno mengi, kazini wote wananijua, lakini siku ile mdomo ulinikauka. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa juu ya mlingoti wa mita themanini, na aliyemruhusu kupanda ni mimi.

Kazi yetu ni kupima upepo. Kabla kampuni haijajenga mitambo ya umeme mahali, sisi tunasimamisha mlingoti, tunafunga vipimo vyenye vikombe vinavyozunguka, halafu tunaandika mwaka mzima. Sheria ya kupanda ni moja: upepo ukifika mita kumi kwa sekunde, hapandi mtu. Na fomu inasema wazi, soma kipimo cha juu kabisa.

Nilisoma. Saba. Nikatia saini.

"Saba tu? Leo napanda nikipiga mluzi," shemeji alisema.

"Utapiga ukishashuka. Mdogo wangu akibaki mjane atanitoa roho."

Alicheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Alipofika juu, waya zinazoshikilia mlingoti zikaanza kuvuma. Nilisikia mtetemo kwenye nyayo. Nikatazama laptopu: juu, saba. Nikateremsha macho kwenye kipimo cha katikati, ambacho fomu haikiulizi. Kumi na mbili!

Juu upepo huwa mkali kuliko chini. Sasa saba inatoka wapi? Hapo ndipo nilipokumbuka. Shemeji alipanda kubadilisha kile kipimo cha juu, maana kimechakaa, kinazunguka kwa uzito, kinasoma pungufu. Ripoti hiyo niliiandika mimi mwenyewe wiki iliyopita. Jamani! Nilikuwa nimeiuliza saa mbovu ni saa ngapi.

Redio ikakoroma. "Shemeji, mbona huku nasukwasukwa? Upepo ngapi sasa?"

Kushuka ni kufungua ndoano moja ya mkanda wa usalama na kufunga nyingine, hatua kwa hatua. Mtu akishtuka kule juu, anafungua zote mbili.

"Saba," nikasema. "Lakini acha kila kitu, shuka. Taratibu."

"Nimeshalegeza skrubu mbili."

"Shuka, nimesema!"

Alichukua dakika ishirini na nane, nilizihesabu zote. Mlingoti ulikuwa unayumba, naye anayumba nao. Mara moja mguu ulimteleza, akabaki ananing'inia kwa mkanda, nami nikajikuta naliita jina la mdogo wangu kwa sauti kubwa, peke yangu pale porini. Sijawahi kuogopa vile maishani.

Alipokanyaga ardhi alikaa kitako, hana nguvu hata ya kuvua kofia. Kisha akatabasamu.

"Kule juu roho ilikuwa inaniambia hii si saba. Nilikaribia kuganda palepale. Ila nikasema, aah, huyu hawezi kunidanganya."

Nilitamani kumwachia hivyo hivyo. Nani angejua? Lakini wiki ijayo angepanda tena kwa neno langu.

"Nilikudanganya," nikasema. Nikamweleza yote: ripoti, kipimo cha katikati, saini yangu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alivua mkanda polepole, akauweka mapajani, akaanza kukagua ndoano moja moja, zilezile nilizomkagulia mimi asubuhi.