Kiapo cha Nahodha wa Wendell

Miaka kumi na tisa nilifua jezi za wasichana wa mpira wa kikapu pale Chuo Kikuu cha Wendell, huku kwetu Dakota Kusini, na siku ile ya Novemba nilikuwa chumbani mwao nikikusanya taulo. Kocha mpya aliwasomea barua ya shirikisho la michezo ya vyuo. Ushindi wa misimu miwili umefutwa, na kwa miaka miwili timu haitacheza mashindano ya mtoano ya Machi. Mwalimu mmoja wa masomo ya ziada alikuwa akiwaandikia wachezaji insha zao. Mwalimu huyo alikwisha kuondoka, na kocha wa zamani aliyemleta alikuwa amehamia chuo kikubwa cha kusini, anakula maisha.

Chuo kilikwenda mahakamani mjini Sioux Falls kuomba adhabu isimamishwe. Wakili wake, Bwana Pruitt, alijenga kesi juu ya jambo moja tu: wasichana waliopo sasa hawamo katika makosa hayo. Ili jaji auone uso wa mtu asiye na hatia, alimchagua nahodha, Tessa Halvorsen, binti wa dereva wa lori la maziwa, aliyekuwa mwaka wa mwisho. Wachunguzi wa shirikisho hawakuwa wamelikuta jina lake popote.

Siku mbili kabla ya kesi, Tessa alinifuata chumba cha kufulia. Alisimama kando ya mashine mpaka ikamaliza kuzunguka.

"Bi Verna, nikikwambia kitu utanichukia?"

Nikamwambia aseme.

"Mwaka wa kwanza, insha ya historia. Babu alikuwa mahututi, nashinda hospitali. Yule mwalimu akaniambia nikalale, ataimalizia. Kumbe aliiandika yote, nami nikaipeleka hivyo hivyo."

Nilipaswa kumshika mkono nimpeleke kwa Pruitt saa ile ile. Lakini niliwaza Machi, nikawaza wale wasichana kumi na wawili. "Jibu unachoulizwa, mwanangu," nikamwambia. "Wasipouliza, nyamaza."

Mahakamani alijieleza vizuri, hata jaji akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha wakili wa shirikisho, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akainuka na kuuliza, kama mtu anayetimiza wajibu tu, iwapo mwalimu yule aliwahi kumwandikia kazi yoyote. Tessa akanitafuta kwa macho pale safu ya tatu. Niliinama nikatazama viatu vyangu.

"Ndiyo," akasema. "Moja."

Pruitt alifunga faili lake taratibu. Kabla ya chakula cha mchana ombi lilikuwa limetupiliwa mbali, na chuo hakikukata rufaa.

Tulirudi kwa basi dogo la timu huku theluji ikianguka. Tulipofika nusu ya njia, Jolene, mchezaji aliyekuwa akilala chumba kimoja na Tessa, akamgeukia.

"Ungesema hapana. Neno moja, Tessa. Ungekufa?"

"Niliapa."

"Na sisi je? Sisi hukutuapia?"



Wiki iliyofuata chuo, kikitaka kuonekana kimejisafisha, kilimwondoa Tessa kwenye timu na kumnyang'anya ufadhili wa masomo. Baba yake alikuja kumchukua kabla ya Krismasi. Niliwasaidia kubeba maboksi. Jolene alikuwa dirishani juu, hakushuka. Nilimwambia Tessa kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba ningempeleka kwa Pruitt mapema labda ufadhili wake ungesalimika.

"Asingehangaika na mimi, Bi Verna," alisema, akipanga maboksi vizuri yasianguke. "Angetafuta mwingine wa kusimama pale."

Baba yake alinipa mkono, akanishukuru kwa kumtunza binti yake. Nikarudi ndani kuchukua boksi la mwisho.

Wasichana walimaliza msimu wakicheza mbele ya viti vitupu. Jolene alihamia chuo kingine, wengine wakamfuata, na mwaka wa pili wa adhabu haukuisha kabla bodi ya chuo haijaivunja timu yenyewe. Mimi nilihamishiwa kufua jezi za wavulana. Nasikia Tessa anafanya kazi kiwanda cha jibini karibu na kwao, shahada hakuimaliza. Nimemwandikia barua mbili. Hazikurudishwa, wala hazikujibiwa.