Kijiti Kilichofika Mapema

Fundi cherehani alikuwa amejihesabia kwamba nusu saa nzima itapita kabla kaka yake hajatokeza kwenye kona na kijiti cha mbio za kupokezana. Kwa hiyo msimamizi wa kituo alipoita namba ya klabu yao, yeye alikuwa bado ameinama, kamba za kiatu kimoja hazijafungwa na ndizi iko mdomoni.

Alidhani namba imekosewa. Dakika kumi tu zilizopita mwokaji mikate, aliyekimbia zamu ya pili, alikuwa amempigia simu huku akihema, akamwambia amemkabidhi kaka yake, Rula, kijiti wakiwa wa tisa. Na zamu hiyo ya tatu ilikuwa kilomita saba. Lakini alipoinua kichwa alimwona kaka yake kwa macho yake, anakuja peke yake katikati ya barabara, mgongo umenyooka, hakuna mwingine nyuma yake hadi upeo wa macho. Fundi akatema ndizi, akanyoosha mkono, akapokea kijiti. Kaka yake alitabasamu tu, kama mtu aliyekutana na nduguye sokoni.

Rula lilikuwa jina alilopewa na wanafunzi, kwa sababu alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na moja bila kumpendelea mtu hata nusu alama. Klabuni yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Wenzake walikuwa watu wa kawaida tu, nesi, mwokaji, fundi cherehani na wengine kumi na kitu, waliokutana alfajiri mbele ya duka la mikate wakiwa na usingizi machoni. Mwaka mmoja nyuma, kwenye mbio ndogo za mtaani, Rula alikanyaga ndani ya mstari mahali ambapo hapakuwa na msimamizi, naye akaenda mwenyewe kuomba jina lake lifutwe. Wenzake walimnunia wiki nzima. Fundi hakushangaa, maana kaka huyo ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki yeye alikuwa na miaka minane na kaka ishirini, na kila asubuhi kabla ya shule kaka alimsuka kwa mikono migumu iliyozoea chaki, akifumua na kuanza upya mpaka pande mbili zilingane.

Basi fundi akakimbia. Mbele yake ilitangulia pikipiki ya waandaaji, na watu waliopanga mstari kando ya barabara walimpigia makofi yeye, mwanamke wa makamo ambaye kutwa huwa amekaa kwenye kiti cha cherehani. Hakuamini. Kilomita ya kwanza aliimaliza akicheka peke yake kama punguani.

Ilikuwa kilomita ya pili ndipo alipoviona tena vile viatu akilini. Viatu vya kaka yake vilikuwa vikavu. Asubuhi waandaaji walikuwa wametangaza kwamba bomba limepasuka kwenye zamu ya tatu na wakimbiaji watavuka maji ya kufika vifundoni, hakuna pa kukwepea. Mtu pekee ambaye angeweza kufika kwa dakika kumi, na soksi nyeupe namna ile, ni aliyepita njia ya mkato, kichochoro cha nyuma ya kiwanda cha magodoro.

Kama angeambiwa nesi kadanganya, au mwokaji, au hata yeye mwenyewe, angekubali. Alijaribu kutafuta maelezo mengine, akayakosa. Miguu iliendelea kukimbia kwa muda, maana miguu haijui habari, halafu nayo ikasimama. Akampungia mwenye pikipiki, akamkabidhi kijiti, akamwambia kuna kosa kwenye zamu iliyopita na klabu yao iondolewe. Mwenye pikipiki alimtazama kama anayeumwa na jua. Mwishowe alimpakia, akamrudisha kituoni.

Njiani fundi alipanga maneno. Alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa kaka yake.

Alimkuta amekaa kwenye ukuta mfupi wa kituo cha mafuta, ametulia, anakunywa maji.

"Kaka, umepita wapi?"

"Kiwandani. Jumamosi si tunapita kiwandani siku zote?"

"Leo ni Jumapili, kaka. Leo ni mashindano, si mazoezi."

Alimtazama akingoja acheke, afunguke, ajitetee. Rula alitazama vibendera vilivyofungwa kwenye nguzo, akawatazama wakimbiaji wa kwanza waliokuwa wakiingia wamelowa viatu na soksi, kisha akainamia kifua chake mwenyewe. Akaigusa ile karatasi ya namba kwa vidole viwili.

"Nani kanibandika hii?" akauliza.

Aliyembandika alikuwa fundi, asubuhi ile ile, kwa pini nne za dukani kwake, huku wakitaniana. Yale maneno yote aliyoyapanga yakamwishia. Alikaa ukutani kando yake, na kwa muda mrefu hakuweza hata kumshika mkono.

Nyumbani wifi yake alisikiliza habari nzima amesimama, sufuria mkononi. Hakushtuka, na hilo likamshtua fundi kuliko yote. Wifi alisema miezi mitano sasa mumewe anasahihisha madaftari yale yale mara mbili, na mara moja alimkuta getini hajui anakwenda au anarudi. Alinyamaza kwa kuogopa kwamba akilisema litakuwa kweli.

Nesi ndiye aliyewapeleka kwa daktari anayemfahamu. Vipimo vilichukua wiki mbili. Daktari alisema ugonjwa wenyewe hauondoki, ila mwendo wake unaweza kupunguzwa, na kwamba kukimbia kunafaa, mradi asikimbie peke yake. Mjini watu walikuwa wameshapata la kusema. Walisema Rula imepinda, na mwokaji alimfukuza mteja mmoja dukani kwa utani huo.

Siku moja ambayo akili yake ilikuwa safi kabisa, kaka alimwita fundi akamtaka amsimulie siku ya mashindano bila kumficha kitu. Fundi akamsimulia yote, hata hasira zake. Rula akatazama mikono yake.

"Ulidhani nimeiba?"

"Nilidhani. Kwa kilomita nzima."

"Na bado ulisimama." Akatikisa kichwa taratibu. "Hapo nilikulea vizuri."

Fundi alitoka hadi uani akalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Jumamosi iliyofuata alikuwa mbele ya duka la mikate kabla ya wote. Kaka yake alipouliza kwa nini siku hizi anamganda hivi, alimwambia ukweli kama ulivyo, kwamba daktari hataki akimbie peke yake. Rula alifikiri kidogo, akakubali, wakaondoka pamoja.