Mgeni wa Mwisho Mezani

Marangu nzima ilijua kwamba Mzee Ndelilio na mkewe Tabitha wanapanda ndege, tena si kule nyuma kwa kubanana magoti, bali kwenye viti vya mbele vinavyogeuka kitanda. Usiulize tulijuaje. Kindness, binti yao mkubwa anayefanya kazi Dar, alituma tiketi kwenye simu ya mama yake Jumamosi, na Jumapili kabla ibada haijaanza wanakwaya wote walikuwa wameshaziona. Ilikuwa zawadi ya watoto: wiki moja Istanbul, hoteli ya kutazamana na bahari, kisha wakirudi, usiku mmoja kwenye ile hoteli ya kifahari iliyo juu ya kijiji chao wenyewe, ambayo wenyeji wengi tunaijua geti tu. Bei sikutajii, maana watoto hawakusema na wazazi hawakuthubutu kuuliza.

Wenye wivu waliona wivu. Mimi nasema wazee hao walistahili, tena walichelewa. Ndelilio alianza kupanda mlima akiwa kijana wa kubeba mizigo ya watu kichwani, akapanda cheo hadi kuwa mwongozaji, na kwa miaka thelathini na ushee amewafikisha kileleni wageni wasiohesabika na kuwarudisha wazima. Na nyumba, ng'ombe, kahawa, migomba na watoto vilikuwa mikononi mwa nani? Mwa Tabitha. Mwanamke huyo akishuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kijana mwenye pikipiki anampisha.

Lakini Tabitha hakuwa akiwaza ndege. Alitaka kitu kimoja tu: kukaa meza moja na mumewe na kula pamoja naye. Unacheka? Cheka. Tangu waoane hawajawahi. Msimu ukiwa mzuri, mwanamume yuko mlimani. Akiwa nyumbani, Tabitha alimtengea chakula sebuleni kikiwa cha moto, kisha yeye akarudi jikoni kwenye kigoda chake, kama alivyofanya mama yake na bibi yake. Sasa kilichomuumiza ni hiki: kila alipochungulia mlangoni, alimkuta mume ameketi mbele ya sahani, hagusi kitu. Anaitazama tu. Mpaka mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, unapoa na kufanya utando juu, ndipo anashika kijiko na kula polepole, kama mtu anayetimiza wajibu.

"Chakula changu hakimpandi," alimwambia jirani yake Magreth, na machozi yakamtoka. "Amezoea vya wapishi wa mlimani."

"Dada, huko hotelini jiko si lako," Magreth akamjibu. "Akikaa akala na wewe vizuri, utajua tatizo lilikuwa chakula. Akikukwepa hata huko, basi tatizo ni wewe."

Maneno gani hayo ya kumwambia mtu anayesafiri! Lakini Magreth ndivyo alivyo, na Tabitha aliyabeba maneno hayo hadi uwanja wa ndege wa KIA pamoja na sanduku jipya na kitenge cha harusi ya mwanawe.

Jamani, ndege. Walipoingia, dada mmoja mrembo aliwaita kwa majina yao, akawavua makoti kwa adabu na kuyatundika. Kiti cha Tabitha kilikuwa na upana wa kochi la mchungaji. Alibonyeza kitufe, miguu ikainuka. Akabonyeza kingine, mgongo ukalala. Akaletewa taulo la moto lenye harufu ya ndimu, akafuta uso, akafuta shingo, akaona haitoshi, akafuta na viwiko. Akaletewa soksi laini, ndala laini, blanketi laini. "Aika Ruwa," akamshukuru Mungu kwa Kichagga, maana kuna mambo ambayo Kiswahili hakiyafikii. Kasoro ilikuwa moja: kati ya kiti chake na cha mumewe palikuwa na kiukuta. Matajiri hulala hivyo, kumbe, kila mtu kibandani mwake.

Mambo yaliharibika Ndelilio alipoona kwenye skrini ndege iko juu kiasi gani.

"Mita elfu kumi na moja!" alisema, akichungulia juu ya kiukuta, macho yamemtoka. "Mama Kindness, hii ni karibu mara mbili ya kilele cha Kibo! Na hatujapumzika kambi hata moja! Kunywa maji. Kunywa maji sasa hivi, na usiongee haraka."

"Baba Kindness, keti, watu wanatuangalia."

Thubutu! Alitoa mfukoni mwa koti kile kidude chake cha kubana kidole, kinachopima hewa kwenye damu, ambacho hata kanisani anaingia nacho. Akambana mkewe kidole. Tisini na nne. Akakitikisa, akapima tena. Tisini na nne. Mlimani namba hiyo ni ya mtu aliye chini kabisa, msituni, na hapa wako juu ya mawingu. Alishangaa mno hata akavuka njia na kumpima mzungu mmoja mnene aliyevaa suti. Yule bwana akacheka, akatoa kidole. Akafuata mke wa bwana huyo. Akafuata bibi mmoja wa Kihindi. Baada ya muda dada wa ndege naye alikuwa ananyoosha kidole, na Ndelilio anamwambia, "Vizuri sana, lakini hunywi maji ya kutosha." Tabitha aliona aibu, na papo hapo akajisikia fahari mpaka kifua kikambana. Mume wake huyo. Wapi kuna mwingine?

Chakula kikaja, kwenye sahani za udongo mweupe na kitambaa mezani. Tabitha akainuka kidogo kuchungulia ng'ambo. Ndelilio alikuwa amesimama, hajagusa kitu.

"Mbona huli?"

"Mwongozaji hali mpaka mgeni wa mwisho ale," akasema, macho yakiwa kwenye viti vya nyuma. "Yule bibi wa Kihindi bado hajaletewa."

Basi Tabitha akala samaki wake peke yake nyuma ya kiukuta. Samaki alikuwa mtamu, sitasema uongo.

Istanbul nako kulikuwa raha juu ya raha. Chumba chao kilikuwa na kitanda ambacho wangelala wao na watoto wao wote na bado pangebaki nafasi ya mgeni. Pazia lilifunguka lenyewe ukibonyeza, na nje meli zinapita. Asubuhi, mezani, waliletewa visahani hata pa kuweka kiwiko hapakubaki: jibini za namna namna, zeituni, asali yenye sega lake, mayai yanayochemka kwenye kikaango chake. Ndelilio alivaa suti ya kijivu aliyoshonewa na fundi wa Majengo, Moshi mjini, na mabawabu wakawa wanamfungulia mlango na kuinama. Tabitha alimtazama akaona kijana yule yule aliyemfuata kisimani zamani, ila sasa ana mvi.

Lakini kula pamoja? Tabitha alimwekea mayai, akaona hana mkate wa moto, akainuka kumfuatia. Alipoketi akaona wengine wana karanga fulani zilizochanganywa na asali, akaenda kumletea na hizo. Aliporudi, kiti kitupu! Ndelilio alikuwa kwenye lifti na masanduku ya wazee wawili wa Kijerumani, moja kila mkono, anawaambia "polepole, polepole" kama yuko mlimani. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa yake alikuwa anamfunga kamba za viatu mtalii asiyemjua. Siku hiyo Tabitha alipanda chumbani akalia kwenye bafu la marumaru, akijifuta machozi kwa taulo zito kama blanketi. Hata kilio kilikuwa cha kifahari. "Basi ni mimi," alijiambia. "Magreth alisema. Ni mimi."

Siku ya kurudi, ndege ilipokaribia nyumbani, rubani akatangaza kwamba mlima uko upande wa kushoto. Ulikuwa wazi kabisa, theluji inang'aa, shimo la katikati linaonekana. Ndelilio amekanyaga pale mara nyingi kuliko alivyokanyaga Moshi mjini, lakini kwa juu hakuwahi kupaona. Akapitisha mkono juu ya kiukuta, akaukuta mkono wa mkewe.

"Pale ndipo nilipokuwa," akamwambia. "Siku zote zile. Angalia palivyo padogo."

Tabitha akaubana mkono wake.

Jioni ile ile gari liliwafikisha kwenye hoteli ya mwisho, hapo hapo Marangu juu. Mlinzi akasema, "Shikamoo, meku," kwa ile heshima ya Kichagga kwa mtu mzima, na Ndelilio, nyie, akageuka kuelekea mlango mdogo wa pembeni wanakoingilia wapagazi! Mazoea yana taabu. Tabitha alimvuta koti wakapita mlango mkubwa. Ndani kulikuwa na mahali pa moto panapowaka kuni za miti ya kahawa, maua, na sakafu ya mbao inayonukia nta. Wakawekewa meza barazani, viti viwili vinatazamana, mshumaa katikati, migomba inateremka mbele yao, na huko juu Kibo imejifunua, ya waridi kwa jua la jioni. Tabitha amezaliwa chini ya mlima huo na hakuwahi kuuona mzuri namna hiyo. Pengine ni kwa sababu hakuwahi kuutazama akiwa ameketi.

Mhudumu alikuwa binti anayeitwa Ruth. Akawaambia mpishi amewaandalia mtori wa nyumbani kuwakaribisha, kisha vingine vitafuata, akaenda kuuleta. Tabitha akanyoosha kitambaa mapajani, moyo unamdunda kama wa bibi harusi.

Ndipo gari la wageni waliotoka mlimani likaingia getini. Wakashuka watu wenye matope hadi magotini, mmoja anachechemea. Ndelilio akasogeza kiti nyuma.

"Nakuja sasa hivi, Mama Kindness. Yule pale goti lake..."

"Ndelilio!"

Hajawahi kumwita hivyo, jina tupu, tena mbele za watu. Akaketi kwa mshtuko.

"Yule ana mwongozaji wake," Tabitha akasema. "Mimi nina nani? Miaka yote nakutengea chakula unakiangalia mpaka kinapoa. Nikasema labda ni mapishi yangu. Sasa hapa hapiki Tabitha, Istanbul hakupika Tabitha, na bado unanikimbia. Kama ni mimi usiyenitaka, niambie leo nijue."

Watu wanamjua Ndelilio kwa kuongea na dhoruba ya theluji ikamsikia, lakini hapo alikuwa kama mtoto aliyeulizwa katekisimu.

"Chakula chako kisinipande?" akasema hatimaye. "Mae! Mama Kindness, nilikuwa nakusubiri."

"Unamsubiri nani?"

"Wewe. Mimi sijui kula kabla mtu wa mwisho hajala, ndivyo nilivyofundishwa kazi, na kazi imeniingia mpaka kwenye mifupa. Unaweka sahani, nasema leo atakuja akae. Nasubiri. Chakula kinapoa, nasubiri. Mpaka nasikia unasugua sufuria. Hapo najua leo tena huji, basi nakula."

"Kwa nini hukuniita?"

"Nilidhani jikoni ndiko unakopenda. Nilisema nisikuingilie." Akakuna mvi zake. "Na kule Istanbul, kila nikikusubiri ukae, umesimama. Mkate, karanga, sijui nini. Sasa mtu akikaa bure anaona masanduku ya watu. Nikainuka."

Tabitha alitaka kumbishia. Kweli alitaka, hoja zilikuwa zimempanda mpaka mdomoni. Lakini Ruth alikuwa amefika na bakuli la mtori unaofuka mvuke, na Tabitha, bado akitafuta la kusema, akachukua upawa kutoka mkononi mwa binti, akaanza kumpakulia mumewe, akageuka kutafuta mahali pa kwenda kukaa.

"Mama," Ruth akamwambia taratibu, "kiti chako ni hiki hapa."

Akajikuta amesimama. Hata hakujua aliinuka lini. Akamtazama Ndelilio, na Ndelilio alikuwa anacheka kimya kimya, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

"Unaona?" akasema. "Unaona sasa?"

Tabitha akacheka naye, cheko la kujishikilia meza, mpaka wale wageni wa matope wakageuka kuangalia. Mwongozaji wao alikuwa ameshamshika mkono yule wa goti, anampandisha ngazi vizuri tu. Kisha Tabitha akaketi. Alijisogeza mpaka tumbo likagusa meza, kama mtu anayeogopa kiti kisije kikamtupa.

Ruth akawapakulia wote wawili, akaondoka. Ndelilio hakushika kijiko. Aliketi mbele ya sahani, mikono mapajani, vile vile Tabitha alivyomchungulia miaka nenda miaka rudi kutoka mlango wa jikoni. Safari hii Tabitha alijua anasubiriwa nani. Akachukua kijiko chake, akachota, akala, na mumewe akachota naye. Mtori ulikuwa wa moto hata ukawaunguza ulimi wote wawili.