Tonge la Saa ya Hodi

Mtaa mzima walimwita Komeo, na jina halikumwonea. Miaka yote ya ndoa yake, ukibisha hodi kwake unajibiwa, "Nani? Tunatoka." Mumewe, fundi saa, alikuwa kinyume kabisa: hodi haijaisha, yeye ameshasema karibu, hata akiwa bafuni.

Kisha akahamia mgeni mmoja mrefu, uso umempauka, mpole kupita kiasi, ambaye hatoki mpaka jua lizame. Kila nyumba iliyomkaribisha, wenyewe waliamka hoi, na vitundu viwili shingoni. Wakasema ni mbu. Mbu gani huyo, Komeo alijiuliza, anayetoboa kwa rula?

Jibu alilipata kwa mshonaji. Mgeni alisimama kizingitini mpaka akaambiwa karibu, ndipo akaingia kupimwa suti. Komeo akatupa jicho kwenye kioo. Mle ndani mshonaji alikuwa anapima hewa.

Hofu yake wala haikuwa ya roho yake. Ilikuwa ya mumewe, yule mzee na mdomo wake wa karibu. Alipomweleza, akacheka.

"Mke wangu, kwako kila mgeni mnyonyaji."

Basi Komeo akabuni dawa. Jua likianza kuzama, yeye aliyezoea kukata nyama ya kutafutwa kwa miwani alimkalisha mumewe na kumlisha matonge manono kwa mkono wake.

"Hodi," ikaita sauti laini mlangoni.

Fundi saa akafumbua mdomo. Likaingia tonge.

"Nani? Tunatoka," akajibu Komeo.

Ikawa hivyo kila jioni. Fundi saa akanenepa, akaanza hata kujipaka manukato kabla ya kula. Siku moja mgeni akashindwa kuvumilia.

"Mama, mtaa mzima wananikaribisha. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, baba. Tunatoka tu."

Majirani waliokuwa wakimcheka wakaanza kuitazama shingo ya fundi saa, nene na safi. Haukupita muda, mtaa mzima ukawa unatoka. Mgeni, amekonda, akafunga virago akahama.

Jioni ile hodi haikusikika. Komeo alikaa na tonge mkononi. Hatari imekwisha, nyama ingeweza kurudi chunguni. Lakini mumewe alikuwa ameshaachama, macho kayafumba, anangoja kwa imani yote. Komeo akaona haya, kisha akaona kwamba anampenda huyu mzee, tena sana.

"Anaweza kurudi yule," akasema, akamlisha.