Gazeti na Shamba la Mama Nyaboke

Mume wangu Jethro alikuwa mtu wa kazi mbili, na kila moja ilimfanya aitamani nyingine. Akiwa kwenye shamba lake la majaribio la wimbi, yaani ulezi, midomo ilimcheza, anatunga sentensi. Akiwa mezani anaandika, aliinuka baada ya mistari michache kwenda kuona kama mashuke yamebadilika tangu alipoyaacha. Nilimwambia mshika mbili moja humponyoka. Akasema yeye ameshika moja tu, ila ina vichwa viwili. Nikamwambia kwetu kitu chenye vichwa viwili hakifugwi.

Mwaka ule wa 1951 tulikaa upande wa Nyaramba, ambako Jethro alikuwa mwalimu wa kilimo. Alipewa kipande cha ardhi kando ya barabara achunguze ugonjwa wa wimbi. Ugonjwa wenyewe kila mtu aliujua: shuke linatoa vidole vyake vizuri, kisha shingo inakauka na kuwa nyeusi, na vidole vinabaki makapi. Jethro, kwa kioo chake cha kukuzia, alisema ni kuvu mdogo sana anayepeperushwa na upepo kutoka mmea hadi mmea. Aligawa shamba lake. Upande mmoja aliuacha ugonjwa ujiendee, upande wa pili aling'oa kila mmea ulioonyesha dalili akauchoma. Wakati wa kuvuna angepima mavuno ya pande zote mbili, ndipo ajue kama kuchoma kunaokoa kitu.

Lakini mavuno yalikuwa bado mbali, na Jethro hakuumbiwa kungoja.

Nairobi kulikuwa na gazeti dogo la wakulima, la Kiswahili, lililokwisha kuchapa makala zake kadhaa. Mhariri alimwandikia kwamba akileta makala moja yenye nguvu, yenye jambo la mkulima kufanya, atapewa meza pale ofisini. Kusema kweli meza hiyo niliitaka kuliko yeye. Nilikwisha kuona nyumba yenye maji ya bomba, na mimi nikifungua na kufunga bila sababu. Hata hivyo nilipoona makala yake inawaambia wakulima wang'oe na kuchoma, na amekata fungu la mwisho, lile lililosema kwamba mavuno ndiyo yatakayoamua, nilimuuliza kwa nini. Akasema lilikuwa linapoza makala.

"Si ungoje basi uvune?" nikamwambia.

"Orpah, gazeti halingoji mavuno."

Lilipotoka, nililikuta dukani kwa Aden, Msomali aliyeuza chumvi na sukari pale sokoni. "Mama, hii ni kazi ya bwana yako," akaniambia. "Ameandika mzuri sana. Hata mimi sina shamba, lakini nimeogopa."

Ningemsikiliza Aden vizuri siku ile. Kwetu mambo yote ya nyumbani, ya kweli na ya uongo, yalisemwa kwa Ekegusii. Kiswahili kilikuja na kodi, na kesi, na matangazo ya kuchimba matuta. Kwa hiyo jambo lililochapwa kwa Kiswahili halikuwa habari hata kidogo, lilikuwa amri. Jethro aliyeweza kumwona kuvu asiyeonekana hakuliona hilo, na mimi pia sikuliona.

Chifu wetu, mzee Ombui, alilisoma barazani kwa sauti ya kutoza kodi. Mkulima mwenye wimbi unaougua aung'oe na kuuchoma, asiwaambukize jirani zake. Asiyeng'oa, askari watamng'olea. Wataanza na mashamba ya kando ya barabara, keshokutwa asubuhi.

Shamba la kwanza kando ya barabara lilikuwa la mama yangu, Nyaboke. Mama alikuwa mjane. Mwaka uliotangulia mvua ya mawe ilimpiga, na ghala lake lilibaki vumbi na panya. Wimbi wake ulikuwa umeanza kuiva, na mashuke meusi yalikuwa hapa na pale kama katika shamba la mtu yeyote. Askari wale hawakujua kutofautisha shuke bovu na shuke lililokomaa. Wangeng'oa lote, na mama angekaa mpaka msimu mwingine akipika obokima, ugali wetu wa wimbi, kwa unga wa kuomba.

Jethro alikwenda kwa chifu mbio. Nilimfuata, maana nilijua akikasirika husema haraka na watu hawamwelewi.

"Mzee," akamwambia, "makala ile niliandika mimi."

"Nimeona jina lako. Hongera, mwalimu."

"Niliandika kabla sijajua. Labda kuchoma kunasaidia, labda hakusaidii. Nitajua nikivuna."

Ombui alimtazama kwa huruma. "Kwa hiyo wewe hujui?"

"Bado."

"Basi gazeti linajua. Wewe uliandika, wakubwa Nairobi wakasoma, wakakubali, wakachapa. Sasa si maneno yako tena. Andika mengine, yakichapwa nitayasoma."

Kuchapwa kungechukua mwezi mzima. Tulirudi nyumbani. Nilikuwa na hasira naye, na hasira ile ilikuwa na aibu ndani yake, kwa sababu hata wakati huo sehemu yangu moja ilikuwa ikiuliza kama mhariri atasikia.

Asubuhi ile ya askari nilipoamka Jethro hakuwepo. Nilijifunga leso nikakimbilia kwa mama, na kabla sijafika nikawaona: askari wawili wamesimama barabarani na mapanga, na katikati ya wimbi, umemfika kifuani, mume wangu.

Nilishika mdomo. Mtu wa mbali hawezi kuelewa kwa nini. Kati ya mkwe na mama mkwe kuna chinsoni, ile haya ambayo hata mlevi huikumbuka. Tangu Jethro anioe, akikutana na mama njiani, mmoja wao huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Akija kwetu hukaa alipowekwa, na anaondoka kwa njia aliyojia. Kukanyaga shamba lake bila kuitwa, kabla mwenyewe hajaamka, na kaptula yake ile ya kazi, ni jambo ambalo sikuwahi kusikia mtu analifanya.

Askari wa chifu walikuwa Wagusii kama sisi, ila wakivaa sare walisema Kiswahili.

"Mwalimu, toka kwa hiyo shamba," mmoja akasema. "Hii amri si ni yako mwenyewe?"

"Ni yangu. Nimeifuta."

"Ukifuta, kwa nini haiko kwa gazeti?"

Jethro hakutoka. Akabaki amesimama palepale, na mimi niliyemzoea nilishangaa kwamba hata vidole vyake vimetulia. Watu waliokuwa wakienda sokoni walianza kukusanyika. Askari mmoja akatumwa kumwita chifu, na chifu akaja na fimbo yake, hajanywa chai, uso umekunjamana.

Ndipo mama akatoka nyumbani mwake na ungo mkononi. Alimwona mkwe wake kati ya mimea yake. Alijifunika uso kwa ungo, akageuka akatupa mgongo.

"Orpah," mama akasema, "mwulize huyo mtu ameingia kutafuta nini."

Jethro alisikia kama sisi sote tulivyosikia, lakini nilitembea mpaka ukingoni nikamuuliza.

"Mwambie niliandika jambo ambalo silijui," akasema, "na sasa linakuja kumla."

Nikarudi nikamwambia.

"Mwulize, wimbi ukichomwa, ugonjwa unaisha?"

"Mwambie sijui."

Alilisema mbele ya chifu, mbele ya askari, mbele ya wanawake wa sokoni na vikapu vyao. Mtu wa pale nyuma alicheka. Nilimpenda Jethro wakati ule kwa namna iliyoniuma, na hapohapo nikajua nyumba ya bomba imekwenda.

Kisha mama akasema, sauti imepanda, bado ametupa mgongo: "Ombui, una wakwe?"

"Ninao, mama," chifu akajibu, hakupenda swali.

"Huyu mkwe wangu amenivunjia heshima shambani mwangu, na wewe ni shahidi. Lazima alete mbuzi, wazee waje, tutakaswe. Mpaka mbuzi huyo achinjwe, hakuna mguu mwingine utakaoingia humu, wala panga. Anayeingia anaingia katika aibu yetu, na itamfuata kwa wakwe zake mwenyewe."

Sijui kama sheria hiyo ilikuwepo kabla ya asubuhi ile. Wazee niliowauliza baadaye walikuna ndevu. Lakini Ombui alikuwa na binti wanne walioolewa, na askari wake walikuwa vijana wanaotafuta wachumba. Walirudi nyuma hatua, mmoja baada ya mwingine, mapanga yamelegea mikononi.

"Na mbuzi huyo atachinjwa lini?" chifu akauliza.

"Nitamtaka nitakapomtaka," mama akasema. "Orpah, mwambie huyo mtu, maadamu amekwisha kuingia, asitoke mpaka ajue."

Hakumtaka mbuzi mpaka wimbi ulipoingia ghalani. Na mashamba mengine ya kando ya barabara yalipona kwa sababu askari waliona haya kuliruka hilo la kwanza. Jethro aliandika makala ya kujisahihisha. Mhariri akajibu kwa adabu kwamba gazeti lao halina nafasi kwa mambo yasiyojulikana, na kuhusu ile meza hakusema neno. Nililia siku hiyo, sioni aibu kusema.

Tulipovuna, Jethro alipima. Kung'oa mmea unaougua kulisaidia, ila mapema, kabla vidole vya shuke havijafunguka. Ukishachelewa, unachoma chakula tu. Aliandika upya, na safari hii, kabla ya kupeleka popote, alitaka mama asikie. Akasimama nje ya ua, mama ndani ametupa mgongo akipepeta, naye akasoma kwa Ekegusii: kuvu, upepo, shingo ya shuke, mizani. Ilikuwa makala nzuri. Nilisimama katikati yao kama kawaida.

Alipomaliza, mama aliweka ungo chini.

"Mwulize, siku ile wangechoma, mimi ningekula nini?"

Nilimpelekea swali. Jethro alizipekua karatasi zake zote, na halikuwemo.

"Mwambie hangekula," akasema.

Nikamwambia mama. Akauchukua ungo wake, akaendelea kupepeta.

"Basi mwambie aanze na hilo."