Ukumbi Uliovuka Daraja

Jumanne saa mbili asubuhi, Kadar Sugow alikuwa amekaa mkekani, uani kwao Bulla Iftin mjini Garissa, akipuliza chai ya maziwa ya ngamia, Ziwa Victoria lilipoingia. Lilipita langoni kwa ubavu kwa kuwa lango ni jembamba, likajitandaza kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Mamake, Weris, aliliambia kwa Kiswahili, maana mgeni wa mbali vile hawezi kujua Kisomali:

"Bole sana, lakini hapo iko jiko yangu. Sogea kidogo."

Ziwa likasogea. Weris akaliletea bakuli la maziwa na hakuliuliza neno. Kwao mgeni haulizwi atokako mpaka anywe na apumzike siku tatu.

Kadar alikuwa mwandishi wa safari asiyepata kuvuka daraja la Tana. Wajir alifika mara moja, nyuma ya lori la mbuzi, na alirudi ananuka kama hao mbuzi. Lakini barabara ya Nairobi ina kizuizi cha polisi darajani, na asiye na kitambulisho hapiti. Basi aliandika gazetini maswali yake kuhusu mahali asipopajua, na mahali penyewe pakaanza kumjia. Mlima Kenya ulikaa siku tatu nyuma ya choo. Aliupima baridi kwa kipimajoto cha daktari wa mifugo, akawaeleza wasomaji kwa nini kilele kilicho karibu zaidi na jua ndicho chenye barafu, akaongeza kwamba mlima ni mgeni mwenye adabu kwa sababu huja na maji yake. Vitabu vikawa vitatu. Nairobi walivicheka mpaka machozi, na walimu wa sayansi wakavisoma darasani.

Kitambulisho alikikosa kwa sababu ya unga. Mwaka wa ule ukame mkubwa, ng'ombe walipokwisha, Weris alimchukua Kadar, mwenye miaka kumi na minne, akampeleka kambini Hagadera na kumwandikisha mkimbizi ili wapate mgao. Wengi walifanya hivyo. Mwenye njaa hana miiko. Alama za vidole zikaingia kwenye kompyuta. Alipotimiza miaka kumi na minane akaenda kuomba kitambulisho, na kompyuta ikasema yeye ni mgeni. Babu yake amezikwa umbali wa kutembea kutoka ofisi hiyo. Aliambiwa asubiri, na sasa alikuwa amesubiri miaka kumi na mmoja.

Alhamisi ikaja barua. Kitabu chake cha tatu kilikuwa kimeshinda tuzo ya taifa, naye alitakiwa afike mwenyewe Nairobi, Jumamosi, ukumbini. Hakuna kitu alichowahi kukitaka hivyo. Alikwenda kwenye ofisi ya usajili wa vitambulisho, akaambiwa mfumo uko chini. Jumamosi alfajiri akapiga shati pasi, akaenda darajani.

Askari wa zamu alikuwa na kitabu hicho mfukoni. Alimsomea Kadar kwa sauti ukurasa wa ngamia anayekunywa lita mia kwa robo saa kisha anaangalia kando kama aliyeonja tu, akacheka hadi akashika nguzo, akaomba sahihi. Kadar akatia sahihi.

"Sasa kitambulisho, mwandishi."

"Sina."

"Basi rudi, ndugu yangu. Mimi nafuata kazi."

Alirudi akakuta mamake kaketi kando ya ziwa. Kwa miaka yote hiyo Weris hakuwa amelitaja jambo lile la kambini. Siku hiyo alilitaja, akimwita mwanawe hooyo, yaani mama, kama mama wa Kisomali anavyomwita mtoto wake.

"Hooyo, kidole kile nilikishika mimi nikakikandamiza."

Kadar akakaa karibu naye. Ilimuuma kuona amelibeba peke yake.

"Nilishiba, hooyo," alisema.

Saa kumi alasiri ukumbi ukaja. Ulisimama barabarani, maana uani mlikuwa na ziwa, ukiwa na viti mia tatu, wageni wamekwisha kaa, na mgeni rasmi katikati ya hotuba. Weris na jirani yake Safiyo waligawa chai, na hakuna aliyeulizwa jina. Kadar alipewa tuzo, akasema maneno machache kuhusu ngamia, watu wakacheka vizuri. Kabla ya magharibi ukumbi ukaaga. Mgeni husindikizwa, kwa hiyo Kadar aliusindikiza hadi darajani.

Askari aliinua kizuizi bila kuinuka kitini. Ukumbi ukapita na milango yake yote, wageni wakipunga mikono. Kisha akakishusha mbele ya kifua cha Kadar.

"Kitambulisho, mwandishi."

"Nasindikiza tu."

Alisimama hapo mpaka taa za ukumbi zikapotea upande wa Mwingi, njia ya Nairobi, akarudi nyumbani na tuzo kwapani.

Siku tatu za ziwa zilikuwa zimeshapita, na Weris sasa aliruhusiwa kuuliza. Aliliuliza linatoka wapi. Ziwa likajibu kwamba linatoka nchi tatu kwa pamoja.

"Na huko daraja, walikuuliza karatasi?"

Ziwa likasema hapana, mama, hawakuuliza.

Weris aliliongezea maziwa. Kisha akachukua shati la Kadar kabla kamba ya nguo haijajaa, akalifua, likauke kabla ya foleni ya Jumatatu kwenye ofisi ya vitambulisho.