Breki ya Mkono Iko Upande Gani

...elfu moja mia tatu sitini, hizo ni kilo za karavani, nyumba yetu ya kuvutwa na gari, ikiwa imejazwa kila kitu, mitungi ya gesi, sufuria, mablanketi, siyo ikiwa tupu, Craig amenieleza mara tatu, lakini gari lenyewe hupimwa likiwa tupu, sasa kwa nini kimoja kipimwe kimejaa na kingine kitupu, na ile asilimia themanini na tano isiyotakiwa kuzidishwa ni ya kipi kati ya hivyo viwili, nimesahau tena, nimeshika usukani wa gari la tatu leo, mlango uko wazi na manyunyu yananilowesha goti, na Craig amesimama pale nje na funguo tatu kidoleni akizichezesha, mtu mpole, umri wake ni kama wa binti yetu Kirsty, anauza magari kwenye uwanja huu wa nje ya Driffield tangu amalize shule, ndivyo alivyosema, na anamtazama Howard, si mimi, anamuuliza Howard, "Kwa hiyo mzee, lipi sasa limekukaa moyoni?" na Howard, mume wangu wa miaka thelathini na sita, ameegemea boneti kana kwamba gari limeshakuwa lake, anajibu, "Mwache kwanza Glynis alipime, si ndiye dereva wangu mpaka Aprili." Mpaka Aprili. Craig anacheka kidogo, hajui acheke kwa nini, hatujamwambia kwamba Howard amenyang'anywa leseni kwa sababu ya kifafa, mwaka mmoja bila kuanguka ndipo arudishiwe, ndivyo sheria inavyosema, na ameshamaliza miezi mitano, anazikata siku kwenye kalenda ya jikoni kwa peni nyekundu... elfu moja mia tatu sitini. Tulianza na lile jekundu la umeme, zuri, kimya kama friji, nikalipenda rangi, Craig akasema, "Hili mama litakuvutia kibanda cha mbwa, karavani halitaweza, ukomo wake ni kilo mia saba na hamsini," basi hilo likatoka, nikashukuru, angalau moja limetoka, kisha lile refu la kijivu la dizeli, la kubadilisha gia kwa mkono, uzito wake kilo elfu moja na mia sita, Howard akapiga hesabu kichwani hapo hapo, asilimia themanini na tano ya elfu moja mia sita ni elfu moja mia tatu sitini, "Limeingia kama mguu kwenye kiatu," akasema, akanigeukia ana furaha ya mtu aliyeshinda bahati nasibu, lakini Craig akakuna shingo akasema, "Limeingia, ila limeingia bila soksi, mzee, ukiongeza viti viwili na sanduku la bia umeshapitiliza," wakacheka wote wawili, kisha wakaanza habari za pua, uzito wa pua, yaani pale mbele karavani inapokaa juu ya ndoano ya gari, ikikandamiza kidogo mno karavani inaanza kuyumba kama nyoka nyuma yako, ikikandamiza mno magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani haukusikii, kwa hiyo iwe kilo sabini na tano, au ndoano ndiyo inabeba sabini na tano na pua iwe pungufu yake, na vitu vizito uvipange chini juu ya ekseli, usivipange nyuma, mimi nilikuwa natikisa kichwa kama ninayeelewa, nikifikiria tu kwamba karavani yenyewe imesimama mbele ya nyumba yetu tangu Februari, nyeupe, kubwa, imeziba dirisha la sebuleni, tumeinunua kwenye maonyesho kabla ya kuwa na gari la kuivuta, kila mtu anasema tumeanza kinyume, anzeni na gari, wanasema, na mama Pickering wa jirani anauliza kila Jumapili, "Bado hamjasafiri?" na kweli hatujalala humo hata usiku mmoja, Howard huenda kukaa ndani yake mchana na chupa ya chai na redio, anapanga vijiko kwenye droo, kisha anavipanga upya... na hili la kijani nililomo sasa ni jeep, tani mbili na zaidi, linabadilisha gia lenyewe, Craig amelipigapiga bodi na kusema, "Hili mama linavuta hata kanisa, na kasisi akiwa ndani," na kila hesabu inakubali, asilimia, pua, ndoano, vyote, hata mimi nimeona kwamba vyote vinakubali, na bado moyo wangu unalikataa, unataka lile la kijivu lisilo na nafasi ya soksi, na sijui kwa nini, nimekaa hapa naangalia vitufe na sijui kwa nini. Howard analitaka la kijivu, hilo najua sababu yake, "Ni gari la dereva," anamwambia Craig sasa, ninamsikia nusu nusu kupitia manyunyu, "unaliendesha wewe, siyo linakuendesha," na Craig anamuuliza alikuwa akiendesha nini, na ndiyo hivyo, ameshafunguliwa, tanki la maziwa, miaka thelathini na moja, kutoka mashambani hadi kiwandani, theluji na ukungu, sijawahi kugusa hata ua wa mtu, na ninajua kinachofuata, ninakijua neno kwa neno kwa sababu amekisimulia baa, kwa daktari, kwa Kirsty kwenye simu, kwa yule mama Pickering, na sasa anamsimulia mwuza magari, "Hata nilipougua Aprili, nilikuwa kwenye usukani, nilihisi inakuja, nikaliweka gari kando, nikavuta breki, ndipo nikapoteza fahamu," na Craig anasema, "Hongera mzee, wengine wangegonga mti," na mimi ninaangalia mikono yangu. Tulikuwa tunakwenda Bridlington kula samaki na chipsi, tumepita Fridaythorpe, mashamba yote njano, jua la saa sita mchana, alikuwa akinieleza habari za hema la kufunga ubavuni mwa karavani, alisema, "Tutachukua lile la" na hakumaliza, nilingoja amalize, nilidhani anatafuta jina, nikamwambia, "La nini?" nikageuka, na uso wake ulikuwa umeelekea dirishani kwake, shingo imepinda, mkono umekakamaa juu ya usukani na mguu wake umenyooka, umenyooka kama ubao, na injini ikaanza kulia, nilikuwa sijawahi kusikia gari letu dogo likilia namna ile, na mbele trekta linakuja na tela la majani, jekundu, ninaliona hadi leo, yule mtu juu yake amevaa kofia ya bluu, nikaukamata usukani kwa mkono wa kulia nikauvuta kwangu, kushoto, na kwa ule mwingine nikaitafuta breki ya mkono hapo katikati, mikono ikapishana, nikaivuta, haikutosha, gia nikaisukuma ikatoka, sijui niliisukuma vipi, injini ikapiga kelele peke yake bila kutupeleka popote, na miti ya ua ikatukwaruza ubavu mzima upande wangu, tawi likapiga kioo, tukasimama kwenye majani mabichi na trekta likapita... likapita karibu kiasi kwamba majani ya tela yalituangukia kwenye boneti. Yule wa kofia ya bluu alirudi mbio, akamlaza Howard ubavu, akanishika bega akasema, "Umelisimamisha vizuri mama," akawapigia watu wa gari la wagonjwa. Na jioni, hospitali, Howard akafungua macho, akaniangalia kama mtoto aliyevunja kitu, hakuuliza amepatwa na nini, hakuuliza kama atapona, aliuliza, "Gly, nililisimamisha gari?" Nikasema, "Ulilisimamisha." Neno moja tu, nilidhani ni la jioni ile tu, la kumpa usingizi, nitalirekebisha asubuhi, na asubuhi daktari alipokuja Howard akamweleza yeye mwenyewe, nilihisi inakuja, nikaliweka kando, na daktari akaandika, ninaona bado ile kalamu ikiandika, na mikwaruzo ya ubavuni akaieleza pia, nililisogeza sana pembeni kwa usalama, alisema, na miezi mitano neno langu limekuwa likikua, limeota breki, limeota na ile hisia ya kwamba ugonjwa ukija utabisha hodi kwanza, anaamini hivyo, ndiyo maana haogopi, anasema dawa zimemshika na hata zisipomshika yeye ataisikia ikija kama alivyoisikia siku ile... "Mama, jaribu kusogeza kiti mbele kidogo," Craig ananiambia, "na breki ya mkono usiitafute hapo katikati, kwenye hili ni kitufe tu, hicho hapo kulia kwako, chini ya usukani, karibu na mlango." Ninakiona. Kiko sentimita kumi kutoka kwenye goti langu lililolowa. Ninakigusa kwa kidole kimoja, kinawaka taa ndogo, rahisi, hata Kirsty angekiweza alipokuwa na miaka mitatu, sasa kwa nini mkono wangu wa kushoto ndio umekwenda mbele, umenyooka hewani kuelekea huko kwenye kitufe, kwa nini ninapima, ninapima nini, mtu aliyekaa kule kushoto hawezi kukifikia hiki, angelazimika kulala juu ya mapaja ya dereva, na lile la kijivu lina kijiti cha breki katikati, ninakumbuka nilivyokishika mara ya kwanza tu nilipoingia, kabla ya usukani, kabla ya kiti, nilikishika nikatulia, nikasema moyoni hili ndilo, na kwenye lile jekundu pia nilikitafuta, asubuhi nzima nimekuwa nikikaa kwenye kiti cha dereva na kuchagua gari kwa kiti cha pembeni. Ninachagua gari la kumwokolea. Kilo zote hizi, pua zote hizi, na mimi nilikuwa nauliza swali moja tu, lipi nitaweza kulisimamisha nikiwa huku, kwa mkono mmoja, na sasa nyuma yetu kuna elfu moja mia tatu sitini zinasukuma, maana zitasukuma, Craig amesema, gari likisita karavani haisiti, na breki ya katikati ya gari lolote duniani haitatosha, haikutosha hata siku ile na nyuma yetu hapakuwa na kitu. Mungu wangu. Nimeshamrudishia leseni mimi, nimeshamweka pale kwenye mteremko wa Garrowby na nyumba nyeupe mgongoni, na watu wengine wanapanda kutoka chini na watoto wao kwenye viti vya nyuma, nimemweka kwa neno moja. Na daktari je, Aprili wakimuuliza, ulihisi dalili? atasema ndiyo, na hatakuwa anadanganya, mwongo ni mimi. Sijui kama ukweli utamfanya asiiombe leseni tena, sijui kama atanisamehe, mtu aliyeendesha miaka thelathini na moja bila kugusa ua, pengine ataiuza karavani, pengine ndivyo itakavyokuwa, pengine atakubali kukaa pembeni na ramani kama nilivyokaa mimi, kila njia panda akiniuliza na kila njia panda asinisikilize, sijui, ninachojua ni kwamba hiyo Aprili hatuwezi kuifikia na neno lile... Manyunyu yamekuwa mvua sasa, Howard anazunguka mbele ya boneti ameinua kola, anafungua mlango wa kushoto, anaingia akishusha pumzi, anajikunja, hajui magoti yake ayaweke wapi, "Huku kwako kubaya," anasema, "mtu hana cha kushika," kisha, "Kwa hiyo? Useme tu, najua la kijivu umelipenda, nimekuona," na Craig anainama mlangoni, maji yanamtiririka puani, anasema, "Nyie zungumzeni, mimi niko hapa hapa," anaufunga mlango wangu taratibu na kusimama nje chini ya mvua na zile funguo zake, na kelele zote zinakatika, imebaki mvua juu ya paa, na ninasema, "Howard, siku ile ya Aprili," na anatabasamu, anadhani ninataka kumsifu, na ninaendelea kabla tabasamu halijaisha, ninasema, "hukulisimamisha wewe gari. Hukuhisi kitu. Ulikuwa katikati ya neno. Nililisimamisha mimi." Anaangalia mbele, kwenye kioo chenye maji, ule mkono wake mkubwa umeshika ukingo wa kiti. Ninasubiri akasirike, ninasubiri aseme mbona hukuniambia, na ningekuwa na jibu, nimelitayarisha miezi mitano, lakini hilo haulizi, anauliza kama anavyouliza dereva, kwa sauti ya kazini, "Mguu wangu ulikuwa wapi?" Ninamwambia, "Kwenye mafuta. Umenyooka." Anaitikia kwa kichwa polepole, mara moja, mara mbili, ninamwona anaiendesha ile barabara upya, peke yake, kipande kwa kipande, na huko nje Craig anatuchungulia na kuinua funguo, lipi sasa, anauliza kwa midomo, na mimi sijui ni lipi, sijui hata sasa asilimia themanini na tano ni ya nini, ninamwashiria kwa kidole angoje, na Howard anasema, bila kunigeukia, "Kulikuwa na kitu kinakuja mbele?" na ninamwambia.